Kochi la Mtu Mmoja

Mto wa kochi la mtu mmoja ulikuwa umebonyea katikati, na hakuna mtu aliyekuwa amekaa.

Ipyana aliuona aliporudi kutoka bombani na ndoo yake. Akaupiga makofi ukafura, akaupachika tena mahali pake. Alipoinama kumimina maji kwenye birika akasikia spring zinalia nyuma yake, taratibu, kwa adabu, kama anavyokaa mtu mzima mwenye magoti mabovu. Akageuka. Mto ulikuwa umebonyea tena.

"Sponji feki hizi," alisema kwa sauti, ingawa alijua fika sponji ile haikuwa feki.

Ilikuwa mchana kweupe. Nje, malori ya Tunduma yalikuwa yananguruma kwenye barabara kuu ya Iyunga na bati za godauni zikitetemeka kila lilipopita moja. Hakuna jini la kujiheshimu linaloanza kazi mchana kweupe. Ndivyo alivyojiambia, akanywa chai yake huku amelipa kochi lile mgongo.

Sasa, makochi yale hayakuwa yake. Yalikuwa ya shangazi yake, Yusta, nesi, aliyehamishiwa Iringa. Marehemu mumewe, Filemoni, alikuwa seremala, na kila kitu mle godauni alikitengeneza kwa mikono yake kwa mbao za mninga: makochi, meza ya kulia chakula, kabati la vyombo, kitanda. Alimwachia pia nyumba Kihesa, huko huko Iringa, haijaisha. Yusta akaimalizia, lakini plasta ilikuwa bado mbichi, na mninga hauingizwi kwenye nyumba yenye plasta mbichi, labda kama unataka meza ipinde kama mgongo wa mzee. Ndiyo akatafuta godauni tupu la mahindi pale Iyunga, akaweka vitu, akamweka na mpwa wake alinde mpaka plasta ikauke.

"Gwe Ipyana, nisikilize," alimwambia siku ya kuondoka. "Hii ni mikono ya mjomba wako. Sina picha yake nzuri kuliko hiyo meza. Ukinifikishia vyote vizima, chumba cha uani pale Kihesa ni chako. Ufunguo nakupa mkononi. Ukinifikishia na mkwaruzo hata mmoja, baki hapa hapa Mbeya na cheti chako."

"Shangazi, mbona hii ndiyo field yangu?"

"Field yako ni kulala mpaka saa nne. Shika kufuli."

Ipyana alikuwa na miaka thelathini na moja. Alikuwa na degree ya ugavi na utunzaji wa bohari, yaani nchi ilimsomesha namna ya kutunza vitu, halafu ikakataa katakata kumpa kitu cha kutunza. Alikuwa analala sebuleni kwa watu, kwenye godoro linalokunjwa kabla watoto hawajaamka kwenda shule. Kwa mtu kama huyo, chumba cha uani siyo chumba. Ni uraia.

Na kazi aliifanya, tusimwonee. Vitu vyote alivipandisha juu ya mapaleti visiguse sakafu. Aliacha nafasi kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite. Hakufunga kitu kwenye nailoni kama wanavyofanya wajanja wa mjini, ambao wanafunga makochi kama maiti halafu wanashangaa yanatoka yameota ukungu. Alifunika kwa mashuka makuukuu. Milango ya kabati aliiegesha. Miguu ya kitanda aliifungua akaizungushia blanketi. Viti alivipandanisha, miguu juu. Angekuwa kwenye usaili angepata A. Lakini usaili wa kuitwa aupate wapi? We regret to inform you, kila mwezi, na siku nyingine hata hiyo regret hawakuwa nayo.

Kosa lake halikuwa la bohari.

Kosa ni kwamba alichoka kuwa mlinzi wa sebule iliyopinduliwa. Akaanza na kochi kubwa: akaligeuza, akakaa, akaona raha. Kesho yake akashusha meza ndogo ya kuwekea kikombe. Halafu akatandika vile vitambaa vyeupe vya kufuma vya shangazi. Halafu akashusha kochi la mtu mmoja, akaliweka kutazamana na lake, kwa sababu sebule bila kiti cha mgeni siyo sebule, ni stendi. Jioni alikuwa anakaa pale, mguu juu ya mguu, chai mkononi, anatazama taarifa ya habari kwenye simu na kuigombeza kama baba mwenye nyumba.

Ndivyo alivyokuwa amekaa jioni ile, mvua imekatika na ukungu umeshuka kutoka milimani mpaka umeziba barabara, aliposikia mlangoni:

"Hodi hapa."

Sauti ya upole. Ya mtu aliyesafiri.

"Hodi wenyewe."

Maisha yake yote, Ipyana ndiye aliyebisha. Alibisha kwenye mageti, kwenye madirisha ya vioo yenye tundu la kuongelea, kwenye inbox za watu ambao hawasomi. Hakuna mtu aliyewahi kusimama mlangoni kwake akapiga hodi, kwa sababu hakuwahi kuwa na mlango. Kwa hiyo hata hakuuliza nani. Alijibu kwa kifua chote:

"Karibu! Karibu ndani, pita, kaa, jisikie uko nyumbani!"

Hakuingia mtu. Alipofungua mlango alikuta ukungu na kuku mmoja aliyelowa. "Wahuni tu," akasema, akarudi kukaa. Asubuhi ndiyo akakuta mto umebonyea.

Baada ya hapo ikaja harufu: udongo uliofukuliwa muda huu huu, na ndani yake karafuu. Haikuwa godauni zima. Ilikuwa pale tu. Kisha unyevu. Mito mingine yote mikavu, wa kochi lile umelowa kwa umbo la mapaja mawili, na kitambaa kikaanza kuota madoa meusi ambayo Ipyana aliyasugua kwa chumvi na limau mpaka vidole vikachubuka. Akalipindua kochi miguu juu, kama alivyotakiwa kulihifadhi tangu mwanzo. Akatoka kununua mkaa. Aliporudi, limekaa wima, limetazama kochi lake, na kwenye mkono wa kulia, pale kiganja cha mtu kinapotulia, vanishi imeanza kuchubuka.

Ipyana hakuogopa kwanza. Alikasirika.

"Yaani hata wewe?" alikiambia kiti. "Mbeya nzima, majumba yote haya, umeona unichubulie mimi vanishi?"

Kiti kililia kidogo, kama mtu anayejiweka sawa asikilize vizuri.

Dastan alikuja alasiri moja. Dastan alisoma naye chuo. Sasa alikuwa anaponda mawe ya dhahabu kule Makongolosi, na kila akishuka mjini alikuja kumcheka Ipyana ili naye ajisikie nafuu.

"Oya, graduate! Umehamia ikulu!" alisema kutoka mlangoni. "Sitting room kabisa! Vitambaa! Mke yuko wapi?"

"Njoo ukae huku kwangu," Ipyana alisema haraka. "Huku, kochi kubwa."

"Nibanane nawe kama wachumba? Toka zako." Akajitupa kwenye kochi la mtu mmoja.

Hakufika chini.

Ipyana aliona. Rafiki yake alikwama hewani, kimo cha kiganja kimoja juu ya mto, makalio yametulia juu ya kitu, na lile tabasamu la dharau likabaki usoni kwa sababu lilikuwa halijaambiwa bado. Dastan akapapasa chini yake kwa mkono wa kushoto, polepole. Akapapasa na wa kulia.

"Ipyana," alinong'ona. "Hiki kiti kina magoti."

"Nyanyuka taratibu."

"Ya baridi, bro."

"Nyanyuka, usipige kelele, nyanyuka tu."

Dastan alinyanyuka kama mtu anayenyanyuka juu ya mayai. Mlangoni alipata pumzi. "Na kananiambia samahani," alisema, machozi yanamtoka. "Kamenisemea sikioni, samahani baba, nimekalia nafasi yako." Akaondoka, na kikombe chake alichomwazima Ipyana hakukidai mpaka leo.

Yusta akapiga simu siku hiyo hiyo. Plasta imekauka, lori limepatikana, mwisho wa wiki anakuja mwenyewe.

"Vitu vyangu vizima?"

Ipyana aliangalia vanishi iliyochubuka, sasa imekuwa mistari minne ya vidole na wa tano wa gumba. "Vizima, shangazi."

"Mbona unaongea kama mtu ana jipu?"

"Network."

Akaenda kumwita mchungaji. Alikuja kijana mmoja wa kanisa jipya la jirani, koti kubwa, sauti kubwa kuliko koti. Walisimama mbele ya kile kiti saa kumi na moja jioni. Umeme ulikuwa umekatika, mwanga wa mlangoni umeanza kuwa wa kijivu.

"Toka!" mchungaji alifoka. "Nakuamuru, toka!"

Akasogea hatua moja.

"Nimesema toka! Umeingia hapa kwa idhini ya nani?"

Na pale ndipo sauti ilipojibu, ya upole vilevile, wala haikutoka kwenye kiti bali karibu zaidi, kama imewekwa kwenye kola ya shati: "Nimekaribishwa." Kisha kila kitu alichotengeneza Filemoni kikaanza kulia, kabati kwanza, halafu kitanda kilichofunguliwa, halafu meza ya kulia chakula, mlio wa mbao zinazovutana kama meno ya mtu anayeota vibaya, na kiungo cha meza, kile ambacho seremala yule alikikata kwa wiki nzima bila msumari hata mmoja, kikafunguka mbele ya macho yao, upana wa ukucha, upana wa kidole, na kutoka ndani ya ule ufa ikapanda harufu ya udongo na karafuu mpaka mchungaji akasahau Kiswahili na Kiingereza na lugha za mbinguni, akakimbia, na Ipyana akabaki peke yake ameikumbatia meza, anaibana kwa mikono na magoti irudi, analia, anasema basi, basi, basi mgeni, hakuna anayekufukuza, kaa, nakuletea chai.

Meza ikaacha kufunguka. Haikurudi, lakini iliacha.

Akapeleka chai. Ikapungua kwenye kikombe, kidogo kidogo, bila mdomo.

Asubuhi alikwenda nyuma ya msikiti kwa Bi Asmaa, ambaye watu wa Iyunga walimwendea kwa mambo ya namna hiyo hata wale wanaomsema vibaya Jumapili. Alimkuta anachambua mchele, simu imebanwa begani anagombana na fundi cherehani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ngoja." Akakata simu. "Wewe ndiye wa godauni. Mchungaji amepita hapa mbio jana, kiatu kimoja. Haya. Uliingiliwa au ulikaribisha?"

"Nilisikia hodi, nikajibu."

"Ukajibuje?"

"Karibu."

"Karibu tu?"

Ipyana aliangalia chini. "Karibu ndani, pita, kaa, jisikie uko nyumbani."

Bi Asmaa aliacha kuchambua. "Huko chuo hawakuwafundisha hata kuuliza nani?" Akatikisa ungo. "Viti umevipanga kama kuna kikao, havina wa kuvikalia, na wale wasioonekana wanapita wanaona. Lakini kuona siyo kuingia. Huyu kapiga hodi, kapewa karibu, kapewa kiti. Nikimsomea mimi ataniuliza kosa lake nini, nami sina jibu. Kisomo ni cha kumfukuzia mwizi. Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Mgeni anasindikizwa."

"Nimsindikize wapi?"

"Ngoja. Lile godauni lako?"

"La watu."

"Makochi?"

"Ya shangazi."

"Kikombe ulichomnywesha?"

"Cha Dastan."

"Basi ulikaribisha kwa mdomo ambao hauna mlango." Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliuma zaidi. "Hiyo ndiyo njia yako. Jioni, kabla giza halijashika, mwambie unamsindikiza. Nenda naye mpaka relini, usigeuke. Pale mwambie ukweli wako wote. Usibakize sifa hata moja. Ukijikweza hata kidogo, mtarudi wote wawili."

Jioni ile Ipyana alisimama mbele ya kochi, shati limechomekwa, kama anaenda kwenye usaili. "Mgeni," alisema, sauti inakwaruza, "jua linazama. Nikusindikize."

Spring zililia. Mto ukafura, polepole, mara ya kwanza tangu siku ile.

Alitembea mbele. Nyuma yake vilifuata visigino vilivyolowa, chap, chap, bila haraka. Wauza ndizi kando ya njia walimsalimia, "Ugonile," akajibu bila kusimama. Mbwa wa gereji aliyezoea kubweka kila mtu alijiviringisha chini ya gari akaficha pua. Mtoto mmoja mgongoni kwa mama yake alimpungia mkono mtu aliyekuwa nyuma ya Ipyana, akainua macho juu, juu zaidi, kama anatazama mtu mrefu sana, na Ipyana aliendelea kutembea, shingo imekakamaa, jasho linamshuka kwenye baridi ya Mbeya, huku ile harufu ikimpumulia kisogoni kwa upole wa mtu asiyetaka kumkanyaga mwenyeji visigino. Walifika relini ukungu unaanza kufunga.

"Mgeni, naomba nikwambie kitu," Ipyana alianza. "Mimi ni graduate wa—"

Visigino vikasogea karibu. Chap. Baridi ikamgusa sikio.

"Hapana," alisema. "Hapana. Mimi siyo kitu."

Baridi ikasimama.

Na ukweli ukamtoka. Hakujua ulikuwa mwingi namna ile. "Lile godauni siyo langu. Makochi siyo yangu, kikombe siyo changu, hata kufuli siyo langu. Nilikuwa nacheza. Mtu mzima na ndevu zangu nilikuwa nacheza baba na mama peke yangu. Sina nyumba, sina chumba, sina kona. Nimepiga hodi nchi hii mpaka vidole vimeota sugu na hakuna aliyeniambia karibu, hakuna, halafu wewe umepiga mara moja tu, mara moja! Ukapewa kiti! Nilikukaribisha kwa sababu nilitaka nijisikie mtu. Sikuwa na haki. Mwaliko wenyewe haupo. Samahani. Sina kwangu."

Kisha ile sauti, na safari hii ilikuwa na huruma, na hiyo huruma ndiyo ambayo Ipyana angeikumbuka hadi mwisho.

"Pole sana, baba. Sikujua. Nilidhani ni kwako."

Visigino vikavuka reli, chap, chap, kuelekea kwenye ukungu. Vikasimama.

"Siku ukipata kwako," ilisema, "nitakuja kukupa hongera."

Aliporudi, godauni lilinuka mbao tu. Kiungo cha meza kilikuwa kimefunga, wembe usingepita. Vanishi ilikuwa nzima, madoa hayapo. Mgeni mstaarabu: ameondoka ameacha kitu kama alivyokikuta. Ipyana alivipindua viti vyote miguu juu na kulala nje, kwenye baraza la duka la jirani.

Yusta alikuja na lori. Walipakia kwa mablanketi na kamba za katani, na njia nzima mpaka Iringa alikuwa anamsimamisha dereva kila kilima akague. Kihesa, baada ya kushusha, alipitisha kiganja kwenye kila mbao kama anapapasa mgonjwa. Alipofika kwenye meza, kwenye kiungo kile, alipitisha kidole mara mbili.

"Hakuna mkwaruzo," alisema mwisho. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nilidhani utaniangusha. Watu wote waliniambia utaniangusha."

Akamshika mkono mpaka uani. Chumba kilikuwa kimepakwa rangi ya maziwa, dirisha lina pazia jipya. Katikati, kama zawadi, limewekwa kochi la mtu mmoja.

"Hilo mjomba wako alilitengeneza la kukalia yeye. Nakupa wewe." Akaweka ufunguo kwenye kiganja chake na kukikunja. "Hapa ni kwako."

Ipyana alitokwa na jasho la baridi mgongo mzima. "Shangazi, usiseme hivyo. Sema nimepanga. Sema napita tu."

"Unapita kwenda wapi?"

"Sema chumba ni chako, shangazi, mimi nalinda tu. Tafadhali. Sema kwa sauti."

Yusta alimtazama, na uso wake ukaanza kubadilika kutoka furaha kwenda kwenye hasira ya mtu aliyetupiwa zawadi miguuni. "Haya ni majivuno gani, Ipyana? Umelilia mlango miaka yote, leo nakupa unanitemea? Sipokei huo upuuzi. Hapa ni kwako! Umesikia? Kwako, kwako, kwako!"

Uani palikuwa na jua zuri la Iringa. Kuku wa jirani wakaacha kuparua.

"Hodi hapa," ikasema sauti ya upole nyuma ya mlango wa chumba. "Hodi wenyewe. Nimekuja kutoa hongera."

Ipyana alirusha mkono amzibe shangazi yake mdomo. Lakini Yusta alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na alikuwa ameshaugeukia mlango, ameshajifuta machozi kwa khanga, ameshaanza kutabasamu.